Wimbo Mbovu wa Fundi Twaibu

Zuhura alikuwa hajamaliza hata mwezi wa kwanza wa eda alipogundua kwamba dada yake Mwanaidi hakuja kumkalisha, alikuja kumlinda kama askari anavyolinda benki. Redio iligeuzwa uso ukutani na kufunikwa kanga. Kioo kikafunikwa. Chupa ya marashi ikapelekwa nyumbani kwa Mwanaidi, kwa usalama, na tangu siku ile Mwanaidi mwenyewe akawa ananukia vizuri mno. Zuhura alivikwa nguo nyeupe tupu, akajitazama kuanzia kifuani mpaka miguuni, akasema amekuwa kama mfuko wa sembe uliosimama. Mwanaidi hakucheka. Tangu utoto wao kule Mingoyo walikuwa wamegawana kazi: Zuhura kucheka, Mwanaidi kumkataza.

"Mtu amefiwa na mume, anachekacheka," alisema Mwanaidi.

"Sicheki, dada. Meno yanapata hewa."

Lakini alipobaki peke yake chumbani, Zuhura alilala upande wake wa kitanda na kuuacha ule mwingine mtupu. Hakuwahi kuusogelea hata kwa kisigino.

Mume huyo alikuwa Twaibu Amidu, fundi cherehani, Myao wa Mangochi, huko Malawi. Alifika Lindi kijana, akimfuata fundi aliyemfundisha kazi. Mwalimu wake akarudi kwao, Twaibu akabaki. Akaweka cherehani kwenye baraza la duka la Alibhai, akaoa, akazeekea palepale, akishona sare za shule na suruali za watu wanaonenepa bila kukiri. Mungu hakuwapa mtoto. Aliwapa maneno, na nyumba yao ilikuwa haina kimya hata dakika moja, mpaka uvimbe ulipomkaa Twaibu kooni. Masika ilipoanza sauti ikakwaruza. Masika ilipokwisha sauti ikawa imekwenda nayo. Mwezi wa kumi na moja akaenda mwenyewe.

Kule Mangochi alimwacha dada mmoja, mkubwa kwake, anayeitwa Abiti Amidu, yaani Binti Amidu kwa namna ya Wayao. Huyo ndiye aliyembeba Twaibu mgongoni wakati mama yao akienda shamba. Na huyo ndiye pekee katika watu wote wa Twaibu ambaye alikuwa hajaambiwa.

Uongo ulianza matanga yakiwa bado hayajaondolewa. Simu ilipigwa na Jafali, mtoto wa kiume wa Abiti Amidu.

"Mkaza mjomba, naomba unisikilize kabla hujalia," alisema. "Mama yangu ametoka hospitali juzi. Moyo. Daktari amesema asipewe habari ya kumshtua. Nikimwambia leo kuwa mjomba amefariki, nitachimbisha makaburi mawili."

"Basi usimwambie."

"Tatizo si mimi. Anayezungumza naye kila siku ni wewe."

Ilikuwa kweli. Tangu sauti ilipompotea Twaibu, Zuhura ndiye aliyekuwa mdomo wake. Twaibu alimnong'oneza sikioni, naye akaiweka ile habari kwenye simu, kwa Kiyao alichofundishwa na mumewe na Kimwera cha kwao kikijazia penye matundu, akiongeza na chumvi yake. Kwa hiyo Twaibu alipozikwa, mdomo wake ulibaki hai, na simu yake yenye kioo kilichopasuka ikaendelea kuita.

"Mbishi wangu ameamkaje?" aliuliza Abiti Amidu kila asubuhi kwa meseji ya sauti.

"Ameamka salama, wifi. Anauliza na wewe umelalaje."

"Amekula?"

"Amekunywa uji."

"Wa nini?"

"Wa mchele. Ameweka sukari nyingi, nimemsema."

Hivyo ndivyo Zuhura alivyokuwa kila siku akimpikia uji mtu aliye kaburini, akamnywesha mbele ya dada yake na kumfuta mdomo. Mwanaidi alikuwa akiinuka na kutoka chumbani kila simu ilipoita, ili siku ya kuulizwa asiitwe shahidi. Na Zuhura, anayefanyia mzaha kila kitu, hili lilimshinda kulifanyia mzaha. Lindi nzima ilimwombea Twaibu dua. Wateja ambao suruali zao alizichelewesha walimwombea dua. Aliyembeba mgongoni ndiye hajanyanyua mikono, naye akiuliza kama sukari ilitosha.

Angeweza kuendelea hivyo, uji leo na uji kesho, mpaka wifi yake apate nguvu za kuambiwa. Uji hauna ugumu. Lakini mwezi wa kumi na mbili ukaingia, na siku hiyohiyo meseji ikaja.

"Wifi, mwambie huyo mbishi mwaka umekwisha. Alete wimbo wake. Mimi wangu ninao tayari, na safari hii nitamkalisha chini mapema."

Zuhura akaiweka simu juu ya mto, akaitazama kama mtu anayetazama nge.

Mchezo huo ulikuwa wa zamani kuliko ndoa yake. Baba yao Twaibu alikuwa na redio, na kila mwisho wa mwaka redio iliwauliza wasikilizaji wimbo upi umewapendeza kuliko zote. Mzee aliwakalisha watoto wake wawili ukumbini, kila mmoja achague wa kwake na autetee, kisha yeye akaamua. Aliyeshindwa alimheshimu mwenzake mwaka mzima. Twaibu alipofika Lindi waliendelea kwa barua, kisha kwa simu, kisha kwa hii simu ya kupangusa, na mzee alipokufa wakawa wanaamua wenyewe, yaani wanagombana mpaka mmoja achoke. Twaibu ndiye aliyetia Kiswahili ndani ya mchezo: aliyeshindwa atamwamkia mwenzake shikamoo mpaka mwaka mwingine. Kama dada angeshindwa, basi mtu mzima yule angemwamkia mdogo wake shikamoo, na Twaibu alisema siku hiyo atachinja mbuzi.

Mbuzi huyo hakuchinjwa. Tangu Zuhura aolewe, hakumsikia mumewe akishinda hata mwaka mmoja. Na hakushangaa, kwa kuwa nyimbo alizochagua Twaibu zilikuwa za kumtoa mtu nyumbani. Mwaka mzima Abiti Amidu alimtumia nyimbo za kwao kadiri zilivyotoka, nzuri na mbaya, naye akazipiga barazani akishona. Ikifika Desemba, katika zote hizo, Twaibu alikwenda moja kwa moja kwenye ile ambayo hata kuku walikuwa wanaikimbia.

"Masikio yako yaliungua ukiwa na umri gani?" Zuhura alikuwa akimwuliza.

"Wewe na dada yangu hamjui muziki," alijibu, na kukaa kitako kuitetea. Mabishano yalivuka mwaka mpya. Bando likiisha, likawekwa jingine.

Sasa wimbo ulikuwa unadaiwa, na mwenye kuuchagua hayupo. Kusema anaumwa sana hawezi kuchagua kungemshtua mgonjwa. Kusema amesahau kungemshtua zaidi. Ilibidi Zuhura achague mwenyewe, na achague kwa namna ambayo mtu aliyemjua Twaibu tangu meno ya maziwa asione tofauti.

Nyimbo zilikuwemo simuni, mwaka mzima umepangwa. Ila nyumba ilikuwa ya eda, na Mwanaidi alikuwa na masikio ya sungura. Zuhura akatafuta ndani ya mfuko wa koti la marehemu, akazipata zile waya za masikioni, zikiwa zimeviringwa pamoja na utepe wa kupimia. Utepe aliurudisha. Waya akazipitisha chini ya ushungi, akachukua tasbihi mkononi, akakaa kwenye mswala, akabonyeza.

Alizisikiliza siku baada ya siku, kuanzia baada ya adhuhuri mpaka karibu na alasiri. Mwanzoni zilikuwa kelele za watoto wa watu. Kidogo kidogo zikaanza kuwa na nyuso. Majina yake halisi hakuyajua, akazipa ya kwake. Kulikuwa na wimbo wa mafuta, kijana analalamika kwamba amepanga foleni ya petroli mpaka mchumba wake akaolewa na mwenye baiskeli. Kulikuwa na wimbo wa mama mkwe, anashuka kwenye basi na begi lisilo la siku moja. Kulikuwa na wimbo wa kanisani, wanawake wengi kwa pamoja, wanashukuru kwamba mwaka umewavusha. Huo Zuhura aliusikiliza haraka, kwa kuwa mwaka huu haukumvusha yeye. Kulikuwa na wimbo wa mbuzi. Mwimbaji wake alikuwa amepitisha sauti yake kwenye mashine mpaka ikawa inalia me-e-e mwisho wa kila mstari, na nyuma yake mtu anapiga kitu kama sufuria. Na kulikuwa na wimbo wa mlango: gitaa moja, polepole, kijana aliyekwenda Joni, mji wa mbali kule kusini, kutafuta kazi anawaambia wa nyumbani wasitie komeo, na mkeka wake wauache palepale ulipokuwa, kwa maana atarudi hata kama atachelewa.

Kila wimbo ulimletea siku yake. Wa mafuta ulikuwa siku ya Idi, Twaibu bado ana sauti ya kukwaruza. Wa mama mkwe ulikuwa siku walipotoka hospitali na jibu. Wa mbuzi ulikuwa siku moja jioni barazani kwao, koo limekwisha kabisa. Twaibu aliusikiliza, akacheka bila sauti mpaka akashika shingo, machozi yakamtoka, na Zuhura akamnyang'anya simu asije akajiua kwa upuuzi. Alikuwa hajui kwamba hicho kilikuwa kicheko cha mwisho. Angejua, angemwachia simu.

Kichwa chake kilikuwa kinatikisika na ngoma, machozi yanamteremka, na vidole vinasukuma tasbihi kwa mazoea tu. Mwanaidi akachungulia mlangoni.

"Alhamdulillahi," alisema kwa sauti ya chini, na siku hiyo akampikia wali wa nazi na samaki wa Kiswere, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba uingie. "Leo umezama, mdogo wangu. Nimeona mwenyewe."

"Nimezama, dada," alisema Zuhura, na katika hilo hakusema uongo.

Lakini kujua nyimbo si kujua upi. Aliyemsaidia bila kujua alikuwa Kulsum, mke wa Alibhai, aliyekuja kumpa pole na sahani ya bajia iliyofunikwa kitambaa. Kulsum alizaliwa Lindi, na mama yake kabla yake, na alikuwa na desturi ya kuketi kwanza, kuvua viatu, kulalamikia magoti, ndipo msiba ukafuata.

"Cherehani iko palepale," alisema. "Amekuja fundi mmoja kutoka Nachingwea anataka kukaa. Alibhai amemwambia pana mtu."

"Pana mtu gani?"

"Ndivyo nilivyomwuliza mimi. Hakunijibu, akaingia stoo akakaa humo mpaka magharibi. Anasema alikuwa anahesabu sabuni." Kulsum akajipangusa macho kwa ncha ya mtandio. "Sabuni tuliuza wiki iliyopita yote."

Kisha Zuhura akauliza kama mtu anayeuliza hali ya hewa, "Bi Kulsum, ninyi mle dukani mlikuwa mnazisikia nyimbo zake?"

"Tutaachaje? Mwaka mzima. Mimi lugha yao siijui, lakini mguu wa Fundi Twaibu naujua. Wimbo ukimchangamsha, cherehani inakwenda mbio. Ukimchosha, inakwenda kama punda. Ila kuna mmoja, ule wa gitaa, taratibu. Ukianza huo, cherehani kimya. Mteja amesimama na suruali yake, fundi ameweka mkono juu ya gurudumu anatazama barabara. Mpaka uishe. Alibhai alikuwa anasema huo wimbo unatufungia duka."

"Alikuwa anaurudia?"

"Kila siku. Alidhani hatumwoni."

Kulsum alipoondoka, Zuhura aliweka zile waya masikioni akausikiliza wimbo wa mlango mara nyingine. Twaibu hakuwahi kumwambia kwamba anaupenda. Alipomwuliza maana yake alisema ni deko la vijana. Miaka yote ile Lindi, na cherehani, na mke, na jina la Fundi, na bado kulikuwa na mlango mahali fulani kule Mangochi, karibu na ziwa, ambao alikuwa akiuwazia kama umetiwa komeo au la. Zuhura aliona wivu kidogo, akaona aibu kwa wivu huo, kisha akalia kwa kimya kama wanavyolia watu wanaolindwa.

Hapo ndipo alipofanya uamuzi wake. Mwaka huu Twaibu atapeleka wimbo mzuri. Mwaka huu, angalau huu mmoja, atashinda. Dada yake amwamkie shikamoo hata kama kwenye ile simu hakuna wa kuitikia marahaba. Aliona ni kama kumvalisha mumewe kanzu mpya ambayo hakuwahi kujishonea, maana fundi yule alishonea Lindi nzima na mwenyewe akatembea na kiraka.

Akanyanyua simu, akabonyeza, akaifanya sauti yake iwe na majivuno ya Twaibu.

"Wifi, mbishi amechagua. Anasema wimbo wa mwaka ni ule wa mlango. Anasema safari hii ufanye mazoezi ya shikamoo, maana huna pa kutokea."

Meseji ikaenda. Zuhura akatabasamu ndani ya eda yake, akala bajia mbili zilizopoa.

Kwa kawaida jibu la Abiti Amidu lilikuwa likifika kabla mtu hajaiweka simu chini, na lilianza kwa tusi. Safari hii alama ziligeuka buluu, kuonyesha amesikia, kisha pakawa kimya. Adhana ya alasiri ikatoka. Zuhura akaswali, akatoa salamu, akaitazama simu. Kimya. Akawaza moyo wa wifi yake, maneno ya daktari na makaburi mawili ya Jafali. Alikuwa hajui amekosea nini, lakini alijua amekosea, kama mpishi anavyojua chungu kimeungua kabla hajafunua.

Simu ikaita. Haikuwa meseji, alipiga mwenyewe.

"Zuhura."

Mwanaidi alikuwa amekwisha kuinuka ili atoke, kama kawaida yake. Akasita mlangoni, kwa kuwa uso wa mdogo wake ulibadilika. Tangu aolewe, Zuhura hakuwahi kuitwa jina lake na mwanamke yule. Siku zote alikuwa wifi.

"Abee, wifi."

"Ndugu yangu amekufa lini?"

"Maneno gani hayo, wifi? Yupo hapa, amelala, amekunywa..."

"Uji. Najua. Wa mchele." Sauti ya Abiti Amidu ilikuwa ndogo, haina haraka. "Zuhura, mwanamke mwenzangu, usinichoshe. Nina moyo mbovu, sina akili mbovu. Ule wimbo wa mlango ni wangu. Ndio niliouchagua mimi, na alijua tangu siku niliyomtumia kwamba nitauchagua. Twaibu hawezi kuniletea wimbo mzuri. Hajawahi."

Zuhura akaketi sakafuni, simu sikioni.

"Mwaka wa kwanza kabisa alishinda yeye," Abiti Amidu akaendelea. "Alikuwa mdogo, hata meno hayajabadilika. Mimi nikalia, nikasusa chakula. Mwaka uliofuata baba akatuuliza tena, Twaibu akachagua tangazo la sabuni. Akalitetea mbele ya baba mpaka jasho likamtoka. Nikashinda. Tangu hapo kila mwaka ananiletea takataka, na kadiri anavyozeeka takataka inazidi kunuka. Alipokwenda huko kwenu akaniachia baba na mama, niwauguze, niwazike, hakusema samahani hata siku moja. Aliniletea takataka. Alidhani sijui. Na mimi nilimwacha adhani, maana ningemwambia najua, angeniletea nini tena?"

Akavuta pumzi, na kule Lindi Zuhura akaisikia ikikwama katikati.

"Kwa hiyo nakuuliza. Amekufa lini?"

Zuhura akamwambia. Alisema siku na saa, akasema ilikuwa Ijumaa, akasema hakuteseka mwishoni, na hilo lilikuwa nusu kweli. Abiti Amidu akauliza nani alimwosha. Akauliza nani waliingia kaburini kumpokea. Akauliza kama ardhi ilikuwa kavu au mvua ilinyesha. Aliuliza polepole, kitu kimoja kimoja, kama mtu anayepokea nguo za marehemu mikononi na kuzikunja. Zuhura akajibu kila kimoja, na kwa mara ya kwanza tangu matanga hakuongeza chumvi.

"Nyumba yangu nzima inanong'ona," alisema wifi yake. "Jafali anaingia chumbani kwa vidole vya miguu. Nilidhani ni mimi ninayekufa, wananificha. Nimeshamwonyesha mpaka sanda ilipo. Kumbe ni yeye." Kisha akalia. Hakupiga ukelele. Ilikuwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto mgongoni, inapanda na kushuka, na Zuhura akaiweka simu shavuni akaifunika kwa mkono wa pili.

Mwanaidi, badala ya kutoka, akarudi akaketi kando yake sakafuni.

Muda ukapita. Abiti Amidu akapenga kamasi, akasema, "Basi. Sasa niambie wewe uliyelala naye. Angeniletea upi?"

Zuhura hakuwa na haja ya kufikiri. Alimwona Twaibu barazani, ameshika shingo, machozi yanamtoka kwa kicheko kisicho na sauti. Hakuwa akicheka wimbo. Alikuwa ameupata.

"Wa mbuzi," alisema.

"Wa mbuzi," alirudia Abiti Amidu. "Ee Mola wangu. Wa mbuzi. Ulete."

Akakata simu. Zuhura akautafuta wimbo, akautuma. Kisha akachomoa zile waya, akaubonyeza ulie wazi chumbani, kwa kuwa wimbo wa mwaka haukuwahi kusikilizwa kwa siri. Sufuria ikaanza kugongwa. Mwanaidi akaitazama redio iliyogeuzwa uso ukutani, akamtazama mdogo wake ndani ya nguo nyeupe, akainuka. Zuhura akajua yamekwisha. Lakini Mwanaidi alikwenda dirishani tu, akafunga ubao ili majirani wasipate cha kusema, akarudi akaketi.

"Ndizo hizo ulizokuwa unasikiliza na tasbihi?" aliuliza.

"Ndizo, dada."

"Na mimi nikakupikia samaki."

Mwimbaji akalia me-e-e. Mwanaidi akaziba mdomo kwa kanga, na haikujulikana chini ya kanga ile kulikuwa na nini.

Meseji ikaingia. "Takataka," alisema Abiti Amidu, na sauti ilikuwa nzito ya machozi. Ikaingia nyingine. "Nimesema takataka, Zuhura. Nikisema takataka naambiwaje?"

Zuhura akapangusa pua kwa ile nguo nyeupe, akashusha sauti mpaka ikakaribia ya mumewe.

"Unaambiwa hamjui muziki. Sikiliza ngoma hiyo."

"Ngoma gani? Mtu anagonga sufuria."

"Sufuria hiyo imegongwa na fundi. Wewe ukigonga ya kwako anatoka paka."

"Na huyo mbuzi?"

"Mbuzi huyo amesoma. Analia kwa mistari. Wa kwenu wanalia ovyo."

"Analia kwa sababu anachinjwa. Na nyinyi mnacheza."

Zikaenda, zikarudi. Zuhura aliutetea wimbo ule kwa kila neno alilowahi kulisikia kwa mumewe Desemba baada ya Desemba, maneno ambayo wakati ule aliyaona ni upumbavu wa mzee asiye na masikio. Yote alikuwa nayo. Hakuwa amepoteza hata moja. Alitetea mpaka alipofika kwenye neno ambalo Twaibu alikuwa akilisema mwisho, akiwa amechoka kubisha na mwanga wa taa umeanza kuzimika machoni, na hapo akarudi kwenye sauti yake mwenyewe.

"Wifi," alisema.

Akasubiri. Akabonyeza tena.

"Nimeshindwa. Shikamoo, Mkubwa."

Jibu lilichelewa. Lilipokuja, neno lilikuwa moja, marahaba, kwa matamshi ya Mangochi, lakini meseji ilikuwa ndefu. Abiti Amidu alikuwa amesahau kuiachia simu. Ikaendelea kurekodi nyumba yake: kuku uani, ndoo inawekwa chini, Jafali anauliza kitu kwa mbali na hajibiwi. Kisha, karibu kabisa, pumzi ya mwanamke mzee, na juu ya pumzi hiyo, bila maneno, kwa pua tu, ule wimbo mwingine, wa mlango.

Mwanaidi akanyoosha mkono kuizima. Zuhura akaushika mkono wa dada yake, akauweka pajani kwake, na wakakaa hivyo mpaka sauti ya kule ikakatika yenyewe.